Nyasi za Njia ya Chini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera
Tarehe: 16 Desemba 2024, Jumatatu, saa nne asubuhi
Jina: Kokuhirwa Nestory
Umri: Miaka 18
Kabila: Mnyambo
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Sina. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, nasubiri matokeo na namsaidia shangazi yangu shambani
Makazi: Kitongoji cha Nyakashozi, Kata ya Kihanga

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Mackrine kwamba haya ninayoyaeleza yanaweza kusomwa mahakamani, na kwamba nikisema uongo huku najua ni uongo nitakuwa nimetenda kosa. Nimeelewa. Nimeomba niandike kwa mkono wangu, kwa sababu nikizungumza mbele ya watu sauti yangu inakwisha. Afande amekubali na amenipa kalamu.

Nimekuja kueleza habari za Jumamosi, siku rafiki yangu Liliane Uwiduhaye alipoanguka kwenye shimo la moramu. Kuna mzee yuko mahabusu hapa kituoni kwa tuhuma kwamba alitupoteza njia kwa makusudi na kumdhuru Liliane. Leo nimeambiwa jina lake ni Xaveri Bigirimana. Mimi nilikuwepo. Liliane bado yuko hospitali, amefungua macho lakini hajaweza kuzungumza sawasawa. Kwa hiyo kwa sasa aliyeona ni mimi peke yangu.

Mnamo tarehe 14 Desemba 2024, majira ya saa mbili asubuhi, vijana wa usharika wetu tulikutana nje ya kanisa kwa matembezi. Kila mwaka wanaomaliza kidato cha nne hupelekwa kupanda kilima cha nyuma ya senta. Tunatembea, tunaomba pale juu, tunakula tulichobeba, jioni tunarudi. Kiongozi wetu alikuwa Mwinjilisti Projest. Tulikuwa kumi na wawili. Mimi nilibeba ndizi za kuchoma na maji. Liliane alibeba kopo la senene alizokaanga mama yake, na kabla hatujatoka nje ya uzio wa kanisa alikuwa ameshalifungua.

Njia inaanzia kwenye viwanja vipya nyuma ya senta. Zamani pale palikuwa malisho tu. Sasa kuna mawe ya mipaka ya zege, misingi ya nyumba, na nyumba ambazo zimefika kwenye lenta zikaachwa. Ukipita viwanja unaingia kwenye mikaratusi, na ukitoka kwenye mikaratusi unakuwa kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ambao hauna mwenyewe, ng'ombe wa kila mtu wanalisha. Kutoka hapo siku isiyo na ukungu unaona vilima vya Kyerwa upande wa pili.

Liliane na mimi tulibaki nyuma mapema. Sababu ni raba zake. Zilikuwa nyeupe, mpya, kaka yake Aimable alimnunulia kwa ajili ya kumaliza shule. Kila tukifika kwenye tope alisimama kutafuta pa kukanyaga. Mimi nilimsubiri kwa sababu ni rafiki yangu, na pia kwa sababu nyuma hakuna anayekuuliza maswali.

Kwenye kiwanja cha mwisho kabla ya mikaratusi tulimkuta yule mzee anamwagilia matofali. Analinda kile kiwanja na anachunga ng'ombe watatu wa mwenye kiwanja. Sikujua jina lake, ingawa nimempita mara nyingi nikienda kuchota maji. Liliane alimwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwaramutse." Akaitikia kwa lugha hiyohiyo. Mimi nilitikisa kichwa tu.

Nimesikia watu wanasema kule kusalimiana kwa lugha ambayo wengine hawaijui ndiko walikopatana jambo. Ninaandika yote waliyosema, kwa sababu baada ya salamu walizungumza Kiswahili.

Mzee alisema, "Hizo raba zinapanda mlima au zinaenda kupiga picha?"

Liliane akasema, "Zinaenda kote, mzee."

"Zikirudi nyekundu usilie. Uje hapa nikuuzie sabuni."

"Nitakuja na karai kabisa."

Mzee alicheka, Liliane akampa senene kidogo kwenye kiganja. Tukaondoka. Hakutuuliza tunakwenda wapi wala hakutufuata. Tulipoingia kwenye mikaratusi niligeuka, nikamwona bado anamwagilia.

Sasa naeleza habari ya nyasi, kwa kuwa ndiyo iliyomtia mzee ndani.

Kwetu watu wakisafiri kwa miguu kwa kundi, kwa mfano kwenda msibani au kwenye harusi ya mbali, waliotangulia hufunga njia ambayo hawakuipita. Wanang'oa nyasi mbichi na kuzilaza kukatiza njia. Anayekuja nyuma akiziona anajua si huko. Watoto wa Nyakashozi tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mwinjilisti Projest huongeza juu yake kijitawi cha mramula, ule mti tunaopanda kwenye mipaka, amekifunga kwa kamba ya mgomba, ili tusichanganye na nyasi zilizoangushwa na mtu tu. Siku hiyo alibeba vijitawi hivyo kwenye mfuko wa plastiki na alituonyesha kabla ya kuondoka. Alisema, "Wa nyuma wasiniambie walipotea. Njia iliyofungwa haipitwi, iliyo wazi ndiyo yetu."

Njia panda ya kwanza iko mwisho wa mikaratusi. Tulikuta nyasi zimelazwa kwenye njia ya kulia. Zilikuwa zimeng'olewa kwa mkono, mizizi yake ina udongo. Mramula ulikuwa juu. Tukapita kushoto.

Tulipokuwa tunapanda rweya, kabla ya njia panda ya pili, niliona mtu kwa mbali anateremka upande wa pili wa kilima amejitwika mzigo wa nyasi. Mzigo ulikuwa mkubwa, uso hauonekani. Kwa chini niliona kanga ya rangi ya chungwa. Alikuwa mwanamke. Wanaosema kwamba Jumamosi asubuhi mzee Xaveri alionekana akibeba nyasi kule juu, mtu waliyemwona nadhani ni huyo. Mzee tulikuwa tumemwacha kwenye matofali na alikuwa amevaa suruali na koti la kijivu.

Njia panda ya pili iko kwenye jiwe kubwa. Njia moja inapanda mgongoni mwa kilima, nyembamba. Nyingine inashuka kidogo, pana. Tulipofika njia zote mbili zilikuwa wazi. Hapakuwa na nyasi zilizolazwa popote. Pembeni mwa njia ya chini nyasi zilikuwa zimekatwa kwa mundu, mashina mafupi yamebaki. Tuliita. Liliane ana sauti kubwa lakini upepo ulikuwa unatoka juu. Hatukujibiwa.

Nilisema, "Tusubiri hapa, watarudi kututafuta."

Liliane akasema, "Koku, wewe ungesubiri mpaka matokeo yatoke. Angalia hii njia ya juu ilivyo. Watu kumi hawawezi kupita hapa wasiache hata alama. Wamepita pana."

Nilimkubalia. Ilionekana kweli. Sasa najua kwamba njia ile ni pana kwa sababu ya malori madogo yaliyokuwa yakibeba moramu kwa ajili ya viwanja.

Tulitembea kama dakika kumi. Nyasi zilikuwa zinafika kifuani, na mvua ya usiku ilikuwa bado iko juu yake. Liliane alikuwa mbele, ananigeukia ananihadithia jinsi Aimable alivyobishana na muuza raba. Kisha hakuwepo. Sikusikia ukelele. Nilisikia udongo ukiporomoka na kopo la senene likigonga mawe.

Lile shimo halina uzio. Nyasi zimeinamia ukingoni mpaka mtu haoni linapoanzia. Niliteremkia upande wenye mteremko nikamkuta amelala kwa ubavu. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya chini ya goti na kichwani alikuwa anatoka damu. Aliniangalia lakini hakunitambua.

Niliita. Afande, kwenye kwaya mimi hupangwa mstari wa mbele karibu na kipaza sauti ili walau nionekane nimo. Sauti yangu haiendi mbali. Niliita hata hivyo, nikaita tena, sijui mara ngapi. Aliyesikia ni yule mzee. Alikuja kutoka upande wa viwanja, kwa sababu shimo lile kwa chini halipo mbali na pale anapolinda, ingawa sisi tulikuwa tumezunguka kilima kizima kulifikia. Alikuja anakimbia, ana mundu mkononi kwa kuwa alikuwa anakatia ndama majani. Mundu huo ndio uliookotwa shimoni.

Nilikuwa nimemshika Liliane kwapani nataka kumwinua. Mzee alisema, "Usimvute. Mwache kama alivyo."

Alichukua fito mbili kwenye rundo la mbao zilizoachwa shimoni, akazikata kwa mundu ziwe fupi. Akaniuliza kama nina kitambaa. Nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya sketi, cha kijani chenye picha za kasuku, alichonipa shangazi. Nilikivua. Kilikuwa kigumu kuchanika. Yeye alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, akatia meno kwenye pindo, tukavuta. Kikachanika katikati ya kasuku. Nusu alimfunga nayo mguu pamoja na zile fito. Nusu niliyobaki nayo nilijifunga tena bila kufikiri. Nimekuja nayo leo.

Naeleza hili kwa sababu nimesikia wanasema mzee alimchania Liliane nguo. Nguo ya Liliane haikuchanika. Kitenge ni changu na nilikichana pamoja naye.

Kisha alimvua raba ya mguu ule uliovunjika, kwa kuwa ulikuwa unavimba. Ilikuwa imeshakuwa nyekundu yote kwa moramu. Aliipangusa kwenye suruali yake akaiingiza ndani ya koti. Alimwambia Liliane, "Hii tutaifua. Usilale, mwanangu. Niambie jina la baba yako." Liliane hakujibu. Akaendelea kumuuliza mambo madogomadogo kwa lugha ya kwao. Sikuelewa maneno, lakini sauti ilikuwa kama ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Aliniuliza, "Wenzenu wako wapi?" Nikasema wako juu. Akasema, "Panda moja kwa moja kwa huu mgongo, utawakuta. Waambie waje wanaume wawili na mwenye simu. Mimi nabaki naye."

Nilikimbia. Niliwakuta kileleni wanaimba. Ilinibidi nimvute mwinjilisti mkono ndipo ajue nimefika. Nilimwambia, "Liliane ameanguka kwenye shimo, yuko na mzee."

Akauliza, "Mzee gani?"

Sikujua jina lake. Nilisema tena, "Mzee." Mwinjilisti aliniangalia, uso ukabadilika, akaanza kukimbia kushuka na wavulana wakamfuata.

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza. Tulipofika shimoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na damu kwenye mawe, mundu, na kopo la senene. Mwinjilisti alisema mara mbili, "Amempeleka wapi?" Nilijaribu kusema kwamba labda ameona mvua akaamua asisubiri, lakini walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Mmoja alisema, "Njia hii niliona mwinjilisti akiifunga kwa macho yangu." Mwingine akasema, "Basi kuna aliyeifungua." Hapo ndipo neno lile lilipozaliwa.

Yaliyotokea barabarani sikuyaona, niliyakuta yamekwisha. Niliyoambiwa ni kwamba mzee alimbeba Liliane mgongoni, amemfunga kwa koti lake kama anavyobebwa mtoto, akapita naye kwenye migomba mpaka karibu na senta. Aimable ni dereva wa bodaboda na alikuwa kijiweni. Alimwona dada yake ana damu, mguu mmoja peku, mgongoni kwa mtu asiyemjua. Yeye na wenzake walipompekua mzee wakakuta raba. Sitaki kuandika vibaya juu ya Aimable. Anampenda dada yake, na mimi pia ningeogopa. Lakini walimpiga. Nilipofika Liliane alikuwa ameshapelekwa hospitali na mzee alikuwa amekaa chini mbele ya ofisi ya mtendaji, ameinamisha kichwa. Watu walikuwa wengi sana.

Nilimwendea mtendaji. Nilisema, "Shikamoo. Huyu alitusaidia." Akasema, "Marahaba. Wewe mtoto umelowa, nenda nyumbani ukabadili nguo. Wakubwa tunashughulika." Nilisema tena. Sidhani kama kilichotoka kilikuwa sauti. Mzee aliinua macho akaniangalia. Kisha gari la polisi likaja.

Nimeulizwa na afande kwa nini sikuja siku ileile. Najibu: shangazi alikuwa ameniagiza niwahi, nyumbani kulikuwa na shughuli, na sikujua kama mtu wa umri wangu anaweza kuja kituoni bila kuitwa. Tena sikuwa na jibu la swali ambalo kila mtu alikuwa anauliza, kwamba nyasi za njia ya chini ziliondolewa na nani. Jibu hilo nililipata jana Jumapili, na ndilo sehemu ngumu ya maelezo haya.

Ninaishi na shangazi yangu, Evangelina, dada yake baba. Ndiye aliyenisomesha. Jana tulikuwa na wageni kutoka Mabira waliokuja kumposa binti yake, Verdiana. Shangazi ana sakafu ya saruji, lakini wageni wa namna hiyo ni lazima awatandikie nyasi mbichi sebuleni kama alivyotandikiwa mama yake, na hataki kusikia mengine. Asubuhi aliniambia nizipange vizuri. Nilipofika karibu na mlango nikashika kitu kigumu. Kilikuwa kijitawi cha mramula kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

Shangazi alikuwa amebeba mkungu wa ndizi. Nilimuuliza, "Shangazi, nyasi hizi ulikata wapi?"

"Kule kwenye jiwe. Kwani zina nini, zina siafu?"

"Zote ulikata wewe?"

"Unataka kunifundisha kukata nyasi leo? Nilizikata alfajiri, nikaziacha mafungu mafungu zikauke umande, nikaenda kutafuta kuni. Niliporudi kuzibeba fungu moja nimelikuta limetupwa katikati ya njia. Nikasema hawa ni mbuzi, au watoto wasio na adabu. Nikalizoa."

Nilimwonyesha ule mramula. Aliuangalia. Akaweka mkungu chini, akakaa palepale kwenye nyasi, ambazo alikuwa amenikataza nisizikanyage.

Akasema, "Huu ulikuwemo?"

"Ulikuwemo."

"Mimi sikuuona, Koku. Umri huu mimi nifungue njia iliyofungwa?"

Nilimwambia najua. Verdiana aliita kutoka chumbani kwamba pikipiki za wageni zimefika kwenye kona. Shangazi alisimama, akajipangusa kanga. Ilikuwa ile ya chungwa. Alisema, "Tia mfukoni. Usiutupe."

Wageni walikula, wakazungumza, wakapewa buni za kutafuna, mambo yakaenda vizuri. Shangazi aliwachekea wote. Mimi tu niliyekuwa najua ndiye niliyeona kwamba kila mara anaangalia pale mlangoni.

Nilipata nafasi nikaenda kwa Mwinjilisti Projest. Nilimuuliza kama pale kwenye jiwe aling'oa nyasi kama alivyofanya chini. Alifikiri kidogo. Akasema, "Pale hapana. Nilikuta zimeshakatwa, mafungu mengi, nikachukua moja. Nikatia mramula, nyasi kidogo nikazirudishia juu upepo usiupeperushe." Akauliza, "Zilikuwa za nani?"

Nikasema, "Za shangazi yangu, na alikuja kuzichukua."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba leo atakuja kueleza, na kwamba usiku wa Jumamosi hakulala akimfikiria yule mzee kuwa mtu mbaya. Ameniruhusu niandike hivi.

Kwa hiyo njia ya chini ilifungwa na mwinjilisti kwa nyasi ambazo si zake bila kujua, na ikafunguliwa na mwenye nyasi bila kujua. Mzee Xaveri hakuzigusa. Yeye alikuja tulipoita.

Wageni walipoondoka shangazi alikaa jikoni muda mrefu. Alisema, "Watasema nimemvunja mguu mtoto wa watu. Na wale wa Mabira wakisikia watasema wanaoa kwenye nyumba ya namna gani."

Ni kweli wanaweza kusema hivyo.

Baadaye akauliza, "Yule baba bado yuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Ana mtu wa kumpelekea chakula?"

Nilisema sijui. Nilisema hata jina lake silijui. Shangazi alinyanyuka, akachukua zile ndizi zilizobaki za wageni pamoja na nyama, akatia kwenye hotipoti, akafunika. Akasema, "Kesho tunakwenda. Wewe utaeleza ulichoona na mimi nitaeleza changu. Ukishindwa kusema, andika. Shule nimekulipia ya nini?"

Yuko nje kwenye benchi sasa hivi, na hotipoti iko mapajani. Afande, naomba usimkaripie. Hakukusudia.

Ninaomba pia iandikwe kwamba mzee aliumizwa mbavu. Nilimwona Jumamosi jinsi alivyokuwa amekaa. Sijui kama ametibiwa.

Niliyoyaona kwa macho yangu nimeyaandika, na niliyoambiwa nimesema nimeambiwa. Sijaongeza kitu ili kumpendeza mtu, wala sijapunguza kwa sababu ya shangazi. Nimeyasoma tena mwenyewe na haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Kokuhirwa Nestory

MAELEZO YA ASKARI ALIYEPOKEA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu, kwa hiari yake, na nimemsomea kwa sauti akayathibitisha. Amekabidhi nusu ya kitenge cha kijani na kijitawi cha mramula chenye kamba ya mgomba. Kitenge kimelinganishwa na kipande kilicholetwa kutoka hospitali. Pindo na mchoro wa kasuku vimekutana. Bi Evangelina anasubiri nje kutoa maelezo yake, na Mwinjilisti Projest amefika wakati shahidi akiandika. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo leo hii likiwa na ombi langu kwamba mtuhumiwa aachiwe. Mtuhumiwa ameandikiwa PF3 aende kutibiwa mbavu. Chakula alicholetewa amekipokea.

Kabla ya kuondoka shahidi aliomba kumwamkia mtuhumiwa. Nilimruhusu nikiwepo. Alisimama mbele ya mlango wa mahabusu muda mrefu, nami nilidhani atageuka kurudi. Kisha akasema, "Shikamoo, mzee Xaveri."

Mtuhumiwa aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Akauliza habari za mwenye raba. Shahidi alimwambia kwamba amefungua macho. Akauliza tena kama raba imeshafuliwa.

Shahidi akajibu, "Bado. Nimekuja kununua sabuni."

Mtuhumiwa alicheka mpaka akashika mbavu. Jibu la shahidi lilisikika hadi kaunta.

Sahihi: WP Koplo Mackrine
16 Desemba 2024